Ungeniambia Jikoni

Busisi, jioni

Kabula mwanangu,

Sianzi na salamu. Nina hasira, na mtu mwenye hasira akianza kusalimia anajidanganya mwenyewe. Umeenda Sengerema kumuaga shangazi yako, nami nimepata nafasi ya kukaa na kalamu kabla hujarudi. Nikisubiri tuongee kwa mdomo nitafoka, wewe utalia, baba yako atasema "mwache mtoto asafiri kwa amani," na mambo yataishia hapo kama yanavyoishia siku zote humu ndani. Kesho unakwenda Arusha kuanza kazi. Sitaki uondoke na amani ya uongo.

Habari za sweta, dawa za malaria na kanisa la kusali sikuandikii. Una akili, utajua mwenyewe. Nakuandikia habari ya samaki.

Ulidhani sijui. Ulidhani kwa vile mama yako ana simu ya tochi, basi unachoandika huko hakinifikii. Aka! Wiki iliyopita alikuja Masanja. Unamjua Masanja, dereva wa lori la saruji, anakula kwangu tangu wewe unatambaa, na ananiita Mayu kana kwamba nimemzaa mimi. Aliingia anacheka, simu mkononi. "Mayu, kuna kampuni ya watalii ya Arusha imetaja sehemu za kula na kunywa ukizunguka ziwa letu. Kaa nikusomee, tuone kama na sisi tumo."

Nikafuta mikono, nikakaa. Akasoma habari ya hoteli moja ya Ilemela, juu ya mawe, yenye bembea ya kupigia picha. Akasoma habari ya baa ya ufukweni ambako juisi ina rangi mbili. Tukacheka, tukabishana. Kisha akafika kwetu, akasoma kabla hajajua anasoma nini:

"Busisi: usihangaike kusimama. Samaki aliletwa ameungua upande mmoja, mpishi ameduwaa anaangalia maji. Vuka daraja, ukale mbele ya safari."

Masanja akasukuma maandishi kwa kidole mpaka chini, akatazama, akaizima simu.

"Nani kaandika?" nikamwuliza.

"Chaji imeisha, Mayu."

Masanja hajui kuongopa. Nilimnyang'anya simu, nikaiwasha, haina shida yoyote. Jina lako lilikuwa pale na picha yako, umevaa ile kofia niliyokununulia mnadani. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kimevaa na kofia.

Pale gatini tumebaki hoteli moja, Kabula. Wenzangu wote walifunga baada ya daraja kufunguliwa, kwa sababu kivuko kilipoacha kuvusha magari hakuna mtu aliyebaki wa kusubiri, na asiyesubiri hali. Sasa ukiandika "Busisi," ukaandika "mpishi," ulidhani watu watamtafuta nani? Kila dereva anayepita hapa anajua umemsema nani. Na ulijua vizuri kwamba najenga kibanda kipya huku juu, barabarani, pale magari yanapotelemka kutoka darajani. Ulijua Masanja amekwishaongea na makondakta wa kosta za Geita wawe wanasimama ili abiria wapate kula kwangu. Walikuwa wamekubali. Juzi wamemwambia, "Ngoja kwanza, tumeona mahali." Mahali penyewe ni pale ulipoandika wewe.

Na kwa maandishi hayo hayo ndipo kampuni ile ikakupa kazi. Yaani samaki wangu aliyeungua ndiye aliyekupa ajira! Nikifikiria hilo natamani kucheka, halafu natamani kuvunja sufuria.

Nisikilize vizuri hapa, maana najua utaanza kujitetea kwa kusema ni kweli. Ni kweli. Samaki aliungua. Sikatai, sina kichaa. Siku ile ulikuja na watu wawili wa kampuni, waliokuwa bado wanakupima, mkakaa meza ya mbele kama wateja, nami nikafurahi mpaka nikasahau kuvua kilemba cha jikoni. Nilichagua sato mkubwa kuliko wote niliokuwa nao. Nilimtia kwenye mafuta mwenyewe, sikumwachia mtu. Kisha nikafanya nilichofanya maisha yangu yote: nikainua macho kuangalia ng'ambo.

Hilo hukuwaandikia wasomaji wako, kwa nini mpishi aliangalia maji. Wewe umekulia pale, unajua. Kivuko kikiachia gati la Kigongo, ng'ambo, samaki anaingia kwenye mafuta. Kikifika katikati, unamgeuza. Kikianza kushusha mlango, unamtoa, unamtia chumvi na ndimu, na watu wakipanda gatini wanamkuta bado anatoa sauti. Ndivyo nilivyofundishwa na mama aliyenipa jiko lile, ndivyo nilivyopika miaka yote. Hakuna mtu aliyewahi kula samaki mbichi kwangu, wala aliyeungua. Siku ile niliangalia ng'ambo nikingoja kivuko kifike katikati. Kivuko hakipo. Nikaendelea kungoja. Nilipohisi harufu, upande mmoja ulikuwa umeshakuwa mweusi.

Nikaona haya. Nikamgeuza upande mzuri juu, nikamfunika kachumbari, nikakuletea. Ndiyo, nilimficha. Nikasimama pale na kitambaa mkononi nikakuuliza, "Vipi samaki?"

Ukasema, "Mtamu, mama." Ukalamba na vidole.

Basi hapo ndipo hasira yangu ilipo. Haipo kwenye simu ya Masanja, ipo kwenye vidole vyako. Mdomoni kwangu ulitia sukari, kwa ulimwengu ukapeleka pilipili. Ungesukuma ile sahani ukaniambia "Mama, ameungua," ningetukana kidogo, ningekukaangia mwingine, na huyo mwingine ndiye ungemwandikia habari. Hukunipa nafasi ya huyo mwingine. Umenihukumu kwa samaki mmoja, kisha hukuniambia kwamba nilikuwa mahakamani.

Nikuambie jinsi nilivyomjua Masanja, maana hujawahi kuniuliza. Nilipoanza pale gatini nilikuwa kijana bado, wewe ndiyo kwanza unatambaa, sijui lolote. Nilikuwa na haraka, nasonga ugali moto haujakolea, nauharakisha kwa sababu honi za magari zilinitia wazimu. Watu walikula wakanyamaza, wakalipa, hawakurudi. Nikawa nasema wachawi wameniwekea kitu mlangoni. Siku moja kijana mmoja wa lori akabeba sahani yake akaingia nayo jikoni, kichwa kimeinama kwa sababu dari ilikuwa fupi. Akasema kwa sauti ndogo, "Mayu, ugali wako mbichi. Nitapita tena Alhamisi." Nilimtukana, Kabula. Nilimwambia akapikiwe na mama yake. Akanawa, akalipa, akaondoka.

Alhamisi akapita. Ugali ulikuwa umeiva. Nilisimama mlangoni kumwona anavyotafuna, akanikonyeza tu, akaomba nyongeza. Wale waliosema "asante mama, tumeshiba" sikuwaona tena. Aliyeniudhi ndiye aliyerudi. Ndiyo maana hadi leo Masanja akiingia namkatia kichwa cha samaki bila kuulizwa, hata kama yuko mtu mkubwa kuliko yeye mezani.

Sasa wewe unakwenda kuishi kwa kuwaambia wasafiri wale wapi na wanywe wapi. Si kazi mbaya. Mimi mwenyewe ningeipenda, ningenenepa. Lakini naona unaianza miguu juu, kichwa chini. Nimesikia vizuri ulichosifia. Ile hoteli ya Ilemela, tulikwenda mimi na baba yako alipouza mihogo yake vizuri, tukavaa nguo za Jumapili. Wakatuletea samaki wa mraba. Mraba! Hana kichwa, hana mkia, hana mfupa, amelala juu ya majani kama mgonjwa. Ziwa liko pale chini, mawimbi yanagonga mawe, mimi naletewa samaki aliyetoka kwenye barafu. Nikamwita mhudumu, "Mwanangu, kichwa kiko wapi?" Akaniambia, "Mama, hapa vichwa hatupiki." Samaki asiye na jicho utajuaje alikufa lini? Sisi tulikula mapanki, mifupa mitupu, wakati minofu inapanda ndege, tukavumilia. Sasa tunauziwa minofu hiyo hiyo nyumbani kwetu, na mwanangu anaandika "mandhari ya kuvutia." Mandhari hailiwi, Kabula.

Na Sengerema, ambako uko sasa hivi unakunywa chai ya shangazi, umeiruka kabisa. Nyuma ya hospitali yuko Mama Neema. Hana bango, hana viti vinavyolingana. Ulipolazwa na malaria ukiwa mdogo, nilikaa pale hospitali sijaweka kitu tumboni, sikuweza kumeza. Nikajikokota hadi kwake. Hakuniuliza nakula nini. Aliuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Nikalia pale pale. Akaniwekea bakuli la mtori, akasema, "Kunywa kwanza, utalia vizuri ukiwa na nguvu." Anawapikia wauguzaji, watu ambao hawana hamu ya chakula, na wanamaliza bakuli. Mpishi anayeweza kumlisha mtu mwenye hofu huyo ni mpishi. Msafiri akipita Sengerema asipofika kwa Mama Neema, amepita Sengerema usingizini. Mtori ule ndio ulionipa nguvu za kukurudisha nyumbani, nawe umemruka.

Baa nazo. Sijui kama unakunywa na sitaki kujua. Lakini kama utaandika habari za baa, usiandike taa. Pale Kirumba ipo moja niliyokuwa napeleka samaki zamani, bati limechoka, redio inakoroma. Mchoma nyama anakuita uje uone ubavu kabla haujagusa moto, anakata mbele yako, na kipande chako anakitambua hata pakijaa. Mhudumu anakuuliza baridi au moto, anakufungulia chupa mezani kwako, siyo kaunta. Na jioni wahudumu wenyewe wanakaa upenuni wanakula nyama ile ile wanayouza. Shika hilo. Ukiingia baa au hoteli yoyote, Arusha au popote, usimwulize mwenye mali kama chakula ni kizuri. Angalia mhudumu wake anakula wapi. Ukiona mhudumu anavuka barabara kwenda kununua kwa jirani, na wewe vuka.

Kesho utapanda basi refu. Litasimama mahali fulani huko Singida au kabla yake, kondakta atapiga kelele "dakika kumi, kula na kuchimba dawa," nanyi mtashuka mkimbilie chipsi za jana. Usikimbie. Tazama dereva anaelekea wapi. Atapita mlango wa nyuma, kuna chumba, kuna supu ya moto, kuna paja zima la kuku, na halipi. Ndiyo maana basi linasimama pale. Mnaopewa chipsi zilizopoa ndio mnaomlipia lile paja. Huyo usimfuate hata siku moja. Mfuate dereva wa lori, yeye anatoa mfukoni mwake na tumbo lake ndilo kazi yake. Wanapoegesha malori, hapo kaa ule. Wale makondakta wa Geita nao walianza kuniuliza, "Mama, chumba cha nyuma kitakuwepo?" Nimewaambia kibanda changu hakina nyuma, kina mbele tu. Labda hilo nalo limewapunguzia hamu. Sijali. Afadhali nikose kosta kuliko abiria wanile nyama kwa maneno nyuma yangu.

Unaona, nimekuandikia sehemu nyingi za kwenda kuliko zile zako zote, na bado nina hasira.

Nimewaza kufunga. Nikuambie ukweli, siku ile Masanja alipoondoka nilimwaga mafuta, nikapindua sufuria, nikamwambia baba yako kwamba mbao za kibanda auze. Baba yako akasema, "Mtoto mwenyewe amesema ukweli." Nikamwambia, "Toka." Akatoka, akaenda kukaa kwa jirani hadi alipoona njaa. Alipita dirishani akauliza kama leo tunakula. Nikaona jinsi nilivyo mjinga: nimekasirika kwa sababu ya chakula, na chakula ndicho kilichobaki cha kufanya. Nikaweka tena sufuria.

Kilichoniuma si wateja kupungua. Wateja walipungua daraja lilipokuja, na daraja sina ugomvi nalo. Wagonjwa wanavuka sasa bila kungoja, mimi nani niseme kivuko kirudi? Kilichoniuma ni kwamba yule aliyejua kwa nini naangalia maji ndiye aliyeandika nimeduwaa. Mgeni angeandika hivyo, ningesema mgeni hajui. Wewe ulisimama juu ya kreti la soda ukiwa mtoto, ukapiga kelele "Mama, katikati! Geuza!" Ulikuwa saa yangu. Na mwanangu, mtu anayejua sababu akaificha, huyo hajasema ukweli, amesema nusu yake. Nusu ya ukweli ni kama ugali ulioiva nusu, inaumiza tumbo vilevile.

Huko uendako utakaa kwenye meza za watu wengi. Wengi wao watakuwa wanawake kama mimi, waliosimama nyuma ya moshi tangu alfajiri, na wewe utakuwa na simu inayofika mbali kuliko sauti zao. Chakula kikiwa kibaya, inuka na sahani yako, ingia jikoni, mwambie. Akikutukana, vumilia, nimewahi kutukana na mimi. Pita tena siku nyingine. Kikiwa bado kibaya, basi andika, andika bila huruma, hata mimi nitakuunga mkono. Lakini usimchekee mtu ukiwa umeshika kisu cha maneno chini ya meza.

Sasa ya kesho. Nimenunua saa ya ukutani. Mwenye duka alinionyesha mshale wa dakika kana kwamba mimi mtoto wa chekechea, nikamvumilia. Nimeitundika kwenye nguzo ya kibanda cha juu, barabarani, na leo tangu asubuhi nimekaanga samaki kwa kuiangalia. Wawili wameharibika, baba yako amewala kimyakimya. Waliofuata sijui. Nimeshindwa kujihukumu mwenyewe, ulimi wangu umezoea.

Kibanda nakifungua kesho asubuhi kabla hujaondoka. Nimemwambia Masanja alete wale makondakta. Watakaa meza ya upande huu, na wewe utakaa meza ya katikati, peke yako, na begi lako. Usiingie kunisaidia, usipanguse meza, usiniite mama mbele yao mpaka umalize kula. Wanajua wewe ndiye uliyeandika, Masanja hana siri. Nitakukaangia sato mmoja, nitakuletea bila kachumbari juu, pande zote mbili zionekane. Utakula, wao wakikutazama mdomo.

Halafu utasema, kwa sauti, wote wasikie. Akiwa ameiva, sema ameiva. Akiwa ameungua, sema ameungua. Nikiona umenihurumia, nitakujua, mimi ndiye niliyekufundisha kutafuna, na nitalizima jiko mbele yao wote. Ukisema ameungua, nitamtupia mbwa, nitakaanga mwingine, na utakaa pale pale umngoje hata kama gari litakuacha. Mabasi ya Arusha yapo kila siku.

Kosta za Geita zitasimama kwangu au zitapita, kwa neno lako. Nimekubali iwe hivyo. Njoo na njaa.

Mama yako